Ghuba ya barafu iliyodhaniwa kuwa mlango wa China

KAMA una ramani ya dunia ukutani, au atlasi ya mtoto wa shule mezani, hebu isogeze karibu. Weka kidole Nairobi, kisha kipandishe kaskazini magharibi, uvuke jangwa la Sahara na bahari ya Atlantiki hadi pembe ya juu ya Kanada. Hapo utakutana na kisiwa kiitwacho Baffin. Ni cha tano kwa ukubwa duniani. Eneo lake ni zaidi ya kilomita mraba 507,000, kwa hivyo kimepungukiwa kidogo tu kuwa sawa na Kenya nzima.

Upande wa kusini mashariki wa kisiwa hicho kuna mkato mrefu, kana kwamba mtu alianza kukipasua kwa panga kisha akaghairi. Mkato huo ni Ghuba ya Frobisher. Urefu wake ni kama kilomita 230, yaani mwendo wa kutoka Nairobi hadi Mtito Andei, na upana wake ni kilomita 40 hivi mdomoni, ukizidi kupungua kadiri unavyoingia ndani.

Kwa karibu miaka 300, mabingwa wa ramani wa Ulaya waliamini kwamba maji hayo hayakuwa ghuba bali mlango wa bahari, unaoingilia upande huu na kutokea upande wa pili. Wenyeji waliokuwa wakiwinda kandokando yake walijua fika kwamba yana mwisho. Lakini nani angewauliza? Na siku walipoulizwa, ilibainika kwamba walijua mengi zaidi ya hayo.

Kwanza tuyaone maji yenyewe. Sisi huku Mombasa, siku za bamvua, bahari hupanda na kushuka kwa mita nne hivi, na watu wa pwani huona hayo ni maji makubwa. Kwenye kina cha Ghuba ya Frobisher, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 11. Hicho ni kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Mashua iliyokuwa ikielea asubuhi huweza kuonekana adhuhuri imelala ubavu juu ya matope, na bahari yenyewe iko mbali.

Ajabu ni kwamba maji hayo hufanya vivyo hivyo hata yakiwa yameganda. Kuanzia mwezi wa Novemba hivi bahari hushikana ikawa barafu tupu, na hukaa hivyo hadi Juni au Julai. Chini yake maji hupanda na kushuka kama kawaida, na barafu ya ufuoni huinuliwa, ikavunjika mabonge mabonge na kurundikana kama mawe ya kujengea.

Mwezi wa Januari wastani wa baridi ni kama nyuzi 27 chini ya sufuri. Hiyo ni baridi kuliko ya lile sanduku la kugandishia nyama buchani. Julai, ambao ndio mwezi wa joto, wastani ni nyuzi nane tu. Katikati ya Desemba jua huchungulia kwa saa nne na ushei likarudi zake. Juni nayo, usiku huwa ni kama magharibi isiyokwisha. Miti haipo. Kuna mierebi, lakini imejifunza kutambaa chini kama majani ili upepo usiione.

Ni mahali ambapo mtu wa huku angesema hapakaliki. Wainuit, ambao zamani wageni waliwaita Waeskimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi, wamekaa huko na mababu zao kwa karne nyingi, wakila sili, nyangumi, samaki na paa wa barafuni.

Kengele

Mwaka wa 1576 Wareno walikuwa hawajaanza kujenga Fort Jesus. Waliianza mwaka wa 1593. Lakini njia ya baharini ya kuzunguka Afrika kwenda India, ile ambayo Vasco da Gama alielekezwa na rubani aliyempata Malindi mwaka wa 1498, ilikuwa tayari mikononi mwao. Waingereza walitaka hariri na viungo vya mashariki, na njia walikuwa hawana. Wakawaza: huenda kuna njia nyingine juu kabisa ya Marekani, kupitia kaskazini, hadi China.

Aliyepewa kazi ya kuitafuta alikuwa Martin Frobisher, baharia kutoka Yorkshire, mtu wa nguvu, mwepesi wa hasira na asiye na kisomo kingi. Alikuwa amewahi kukamatwa mara kadhaa kwa uharamia. Afrika pia alikuwa ameiona. Mwaka wa 1554, akiwa kijana, alikwenda na meli ya biashara pwani ya Guinea, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Wenyeji wakataka mtu mmoja abaki kama rehani wakati wa mapatano ya bei, naye akabaki. Mambo yakaharibika, meli ikang'oa nanga ikamwacha, na akaishia kufungwa na Wareno katika ngome ya Elmina. Kwa hivyo alijua ladha ya kuwa mateka. Msomaji, liweke hilo moyoni.

Alitoka London mwezi wa Juni na vyombo vitatu. Kimoja kilizama, kingine kikageuza na kurudi kutangaza kwamba Frobisher amekufa. Frobisher hakuwa amekufa. Akiwa na meli yake Gabriel na mabaharia wachache, aliingia katika maji mapana yenye nchi kavu pande zote mbili. Hakuufikia mwisho wake. Akakata shauri kwamba ardhi iliyo kulia kwake ni Asia na iliyo kushoto ni Marekani, na katikati ndiyo njia ya China. Akaupa "mlango" huo jina lake mwenyewe.

Mwezi wa Agosti wakaja watu kwa mitumbwi ya ngozi, ile iitwayo kayaki. Biashara ikaanza: ngozi na nyama kwa vioo na kengele ndogo. Siku iliyofuata mabaharia watano walitumwa kwa mashua kumpeleka mwenyeji mmoja ufuoni. Waliagizwa wasijifiche mbali na macho ya meli. Wakapita nyuma ya jabali, na huo ukawa mwisho wa kuonekana kwao.

Frobisher alisubiri, akapiga tarumbeta, akapiga mizinga. Kimya. Mashua ilikuwa imekwenda nao, kwa hivyo hakuweza kufika nchi kavu. Hapo akatumia hila. Alisimama ubavuni mwa meli akiwa na kengele kubwa zaidi, akaitikisa. Mtu mmoja mwenye kayaki, aliyeipenda sauti ile, akasogea na kunyosha mkono aipokee. Frobisher akamshika mkono, akamwinua, yeye na mtumbwi wake, akambwaga sitahani. Waliokuwapo waliandika kwamba yule mtu alijiuma ulimi hadi ukakatika kwa uchungu wa hasira.

Akapelekwa London kuonyeshwa watu kama thibitisho kwamba Frobisher alifika Asia. Akafa muda mfupi baadaye. Jina lake hakuna aliyeliandika.

Mawe meusi

Pamoja na mtu huyo, Frobisher alirudi na jiwe jeusi, la ukubwa wa kipande cha mkate, ambalo baharia mmoja aliliokota. Michael Lok, mfanyabiashara aliyeigharamia safari, alilipeleka kwa wapima madini. Wa kwanza akasema si kitu. Wa pili akasema si kitu. Wa tatu naye vivyo hivyo. Mtu mwenye busara angelitupa.

Lok akampelekea wa nne, Mwitaliano aitwaye Agnello, na huyu akatoa chembe za dhahabu. Alipoulizwa mbona wenzake hawakuiona, alijibu kwamba maumbile yanataka kubembelezwa. Naona hata huku Nairobi watu wa kazi yake tunao.

Habari ikaenea na watu wakawa wazimu. Kampuni iliyoitwa Cathay ikaundwa, matajiri wakanunua hisa, na Malkia Elizabeth wa Kwanza akatia pauni 1,000 na kutoa meli yake, Aid. China ikasahauliwa. Mwaka wa 1577 Frobisher alirudi kwenye ghuba ile na vyombo vitatu na watu zaidi ya mia, nao wakachimba tani 200 hivi za mawe katika kisiwa kidogo karibu na mdomo wa ghuba.

Nguo za wale mabaharia watano zilipatikana kambini mwa wenyeji, na mapigano yakazuka. Wainuit watano au sita waliuawa; wengine, baada ya kujeruhiwa, walijitupa baharini kuliko kushikwa. Katika kivumbi kingine Frobisher mwenyewe alichomwa mshale kwenye makalio. Wakatekwa mwanamume mmoja, mwanamke mmoja na mtoto wake mchanga. Mwanamume na mwanamke hawakuwa wamejuana kabla ya hapo.

Waingereza waliandika majina yao kama Kalicho, Arnaq na Nutaaq. "Arnaq" si jina. Katika lugha ya Kiinuktitut maana yake ni mwanamke tu. Hata "Nutaaq" yaelekea ni neno la mtoto au la kitu kipya. Ni kama mgeni aje kwako, akuulize huyu ni nani, umwambie "mama", naye aandike kitabuni kwamba anaitwa Bibi Mama.

Walifikishwa Bristol mwezi wa Oktoba. Umati ulijaa kando ya mto Avon kumtazama Kalicho akipiga kasia na kuwinda mabata kwa mkuki. Hakuna aliyejua kwamba mbavu zake zilikuwa zimevunjika wakati wa kukamatwa na mapafu yalikuwa yameoza. Alifariki mwanzoni mwa Novemba. Daktari Edward Dodding aliipasua maiti na kuandika taarifa ndefu kwa Kilatini. Ndiyo maana tunajua habari za mbavu hizo. Arnaq alilazimishwa kuhudhuria mazishi. Siku chache baadaye naye akazikwa. Mtoto alitafutiwa mnyonyeshaji, akapelekwa London aonyeshwe kwa Malkia, lakini hakuishi zaidi ya siku nane hivi.

Na mawe? Yalikuwa yamefungiwa katika ngome ya Bristol kwa kufuli nne, na funguo zikagawiwa watu wanne tofauti ili asiibe mtu.

Mwaka wa 1578 Frobisher alirudi mara ya tatu, safari hii na meli 15 na watu kama 400. Waliopangiwa kubaki na kukaa huko majira ya baridi walikuwa 100, na nyumba yao ya mbao ilisafirishwa vipande vipande. Meli iliyobeba sehemu ya mbao hizo iligongwa na barafu ikazama, kwa hivyo mpango wa kubaki ukafa, na pengine ndiyo bahati ya hao 100. Kabla ya kuondoka walijenga kijumba cha mawe na chokaa, wakaacha ndani yake kengele, visu, vinyago vya risasi na mkate tanurini, ili wenyeji wazoee mambo ya Kiingereza. Wakapakia zaidi ya tani 1,100 za mawe.

Tanuri kubwa zilikuwa zikijengwa Dartford, karibu na London. Wakachoma, wakayeyusha, wakabadilisha mafundi, wakagombana. Kwa miaka mitano hivi walijaribu, na dhahabu haikutoka. Yalikuwa mawe ya kawaida, meusi na yenye kumetameta. Lok alifilisika akatupwa jela kwa madeni. Frobisher alipata sifa nyingine vitani na akafa mwaka wa 1594 kwa jeraha la risasi huko Ufaransa. Mawe mengine yalimwagwa barabarani, mengine yakajengewa kuta, na huko Dartford yangalipo ukutani hadi leo.

Nyanya alikumbuka

Kwa Waingereza hadithi iliishia hapo, na baadaye hata mahali penyewe wakapasahau. Wachora ramani, wakipotoshwa na ramani nyingine ya uongo iliyokuwa na visiwa visivyokuwapo, waliuhamisha "mlango wa Frobisher" wakauweka Greenland. Ukakaa huko kwa vizazi kadhaa.

Mwaka wa 1860 akafika Charles Francis Hall, Mmarekani aliyekuwa akichapisha gazeti mjini Cincinnati. Huyu mwenzetu wa kalamu alikuwa akitafuta habari za John Franklin, mpelelezi Mwingereza aliyepotea na watu wake wote baada ya kuondoka kwao mwaka wa 1845. Alikutana na mume na mke wa Kiinuit, Ebierbing na Tookoolito, ambao walishapelekwa Uingereza mwaka wa 1853 na kupokewa na Malkia Victoria, yule ambaye ziwa letu bado lina jina lake. Tookoolito alisema Kiingereza safi, naye akawa mkalimani wake.

Hall alipotaka kuupitia "mlango" huo hadi upande wa pili, aliambiwa hauna upande wa pili. Mwaka wa 1861 alikwenda na wenyeji wakitumia mashua na akajionea mwisho wake kwa macho. Ghuba ikawa ghuba. Ilikuwa imepita miaka 285.

Lakini kubwa zaidi lilikuwa lile aliloambiwa na nyanya yake Ebierbing, mama mkongwe aliyeitwa Ookijoxy Ninoo, akiwa amelala hemani mwake, mgonjwa. Mama huyo alisimulia kwamba hapo kale sana walikuja wazungu kwa meli. Mara ya kwanza zilikuja mbili, mara ya pili mbili au tatu, na mara ya mwisho nyingi sana. Wakaua watu, wakachukua wengine. Na watu watano wa meli hizo waliachwa.

Hall alikuwa na vitabu, akavilinganisha. Mwaka wa 1576 Frobisher alifika na meli moja baada ya nyingine kurudi; 1577 alikuja na tatu; 1578 na 15. Mabaharia waliopotea walikuwa watano. Hayakuandikwa popote na watu wa Ookijoxy Ninoo. Yalitoka mdomo hadi sikio, bibi kwa mjukuu, kwa vizazi vipatavyo kumi.

Habari ambayo Waingereza hawakuwa nayo ni hatima ya hao watano. Wazee waliomsimulia Hall walisema kwamba walikaa na Wainuit, wakapitisha baridi nao, kisha wakaunda chombo kwa mbao zilizoachwa. Walipotaka kuondoka, mzee mmoja wa heshima, Eloudjuarng, alitungiwa sifa hadi leo kwa kuwatakia kwa wimbo safari ya haraka na yenye furaha. Waliondoka mapema mno, baridi ikawagandisha mikono, wakarudi. Baadaye wakaondoka tena, na hakuna aliyewaona.

Wenyeji wakamwonyesha kisiwa chenyewe. Kwao kinaitwa Kodlunarn, yaani Kisiwa cha Wazungu. Hall alikuta makaa ya mawe katika nchi isiyo na makaa ya mawe, vipande vya vigae na vya vyungu, na mabaki ya kijumba cha chokaa. Alikuta pia mahandaki mawili. Wazee walisema moja ndilo walilotumia wale watano kuundia chombo chao. Wataalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani na Kanada, waliochimba kisiwani miaka ya 1980 na 1990, wanasema yalianza kama machimbo ya mawe ya Frobisher. Mimi sioni ugomvi hapo. Mtu anayetaka kuunda mashua hawezi kupuuza shimo lililokwisha kuchimbwa linaloelekea baharini.

Mji wa samaki

Mkiani mwa ghuba, pale maji yanapopanda mita 11, pana mji. Mwaka wa 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanajeshi wa Marekani walitafuta mahali pa kutua ndege zikielekea Ulaya, na Mwinuit mmoja aitwaye Nakasuk akawaongoza hadi uwanda tambarare ambako watu wake walikuwa wakivua samaki. Shule ya mji huo ina jina lake.

Kwa miaka mingi mji huo nao uliitwa Frobisher Bay. Serikali ya Kanada wakati huo, ikishindwa kutamka majina ya Wainuit, ilikuwa imewagawia visahani vyenye nambari kuanzia mwaka wa 1941, vya kuvaliwa shingoni. Wazee wetu waliobeba kipande hawatahitaji maelezo zaidi.

Mwaka wa 1987 wenyeji walirudisha jina lao la zamani, Iqaluit, maana yake mahali penye samaki wengi. Mwaka wa 1995 walipiga kura, na Iqaluit ikachaguliwa kuwa mji mkuu wa jimbo jipya la Nunavut, yaani "ardhi yetu", lililoanza rasmi Aprili 1, 1999. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2021 ilipata wakazi 7,429.

Usidhani maisha ni mteremko. Hakuna barabara ya kuuunganisha na mji mwingine wowote, na wakazi, kwa mzaha wao, wana barabara iitwayo Barabara Isiyokwenda Kokote. Nyumba husimama juu ya nguzo kwa sababu ardhi ya chini imeganda daima na ikiyeyuka huzama. Vyakula huja kwa ndege, au kwa meli katika miezi michache ambayo bahari imefunguka, na bei zake humtoa mtu jasho hata kwenye baridi ile. Oktoba 2021 maji ya mfereji yalipatikana yakiwa na mafuta, na kwa karibu miezi miwili watu walikatazwa kuyanywa. Walipewa ya chupa, na wengine wakachota mtoni. Na barafu ambayo wawindaji huitegemea kama barabara inachelewa kushikana na inawahi kuachia kuliko ilivyokuwa zamani za wazee wao.

Ghuba yenyewe bado ina jina la Frobisher kwenye ramani. Ukitaka kukifikia Kisiwa cha Wazungu inakubidi usafiri kwa mashua kutoka Iqaluit kuelekea mdomo wa ghuba, na uondoke maji yakiwa yamejaa. Mahandaki mawili yangalipo. Kalicho na Arnaq wamelala Bristol, katika kanisa la St Stephen. Mtoto alizikwa London, katika kanisa la St Olave, mahali pale pale alipozikwa yule mtu wa kengele.